Sauti ya Kwanza ya Joanita

Siku kinanda kilipoingia kanisani Gatete, Leonsi alitolewa kwenye benchi la kwaya pamoja na gita lake. Hakufukuzwa. Kufukuzwa kuna heshima yake, maana anayefukuzwa hutajwa jina. Yeye aliambiwa tu, "Mzee, sogea kidogo, tunatafuta mahali pa spika," akasogea. Jumapili iliyofuata wakamsogeza tena, na nyingine tena, hadi akajikuta nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na akina mama wanaonyonyesha.

Gita alilichonga mwenyewe porini upande wa Mpanda, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka wa sabini na mbili. Mbao zake zilikuwa za mninga, nyuzi zake waya za breki za baiskeli, na tumbo lake lilikuwa pana kama sanduku la nguo, kwa sababu lilikuwa gita la besi na besi inataka tumbo. Aliporudi Burundi alilibeba juu ya lori, akaacha godoro. Sasa vijana waliliita nyumba ya panya. Ineza, binti aliyeongoza kwaya mpya, msichana mwenye sauti nzuri na ulimi mbaya, aliwahi kumwuliza mbele ya watu, "Sokuru, babu yangu, hili linapigwa ama linalaliwa?" Watu wakacheka. Mchungaji Melkiades akacheka kuliko wote, kwani kinanda alikinunua yeye.

Leonsi alikuwa mtu wa kuzungusha mashine ya mawese kwa mikono, na watu wa kazi hiyo hujifunza kumeza maneno, kwa kuwa pumzi ni ya kusukumia chuma. Lakini moyoni aliwahesabu wote wajinga. Walibonyeza kitufe, ngoma ikalia bila mbuzi kufa. Walibonyeza kingine, zikatoka sauti za watu ambao hawakuwa na vinywa. Kwaya nzima iliimba sauti moja, ile ya juu, kama vifaranga, na spika ikafanya yaliyobaki.

Kwaya haikuanza hivyo. Walipokimbia walivuka mto Malagarasi na nyimbo za kitabu cha wamisionari, zile za kuvutwa polepole kama mtumbwi uliokwama matopeni. Waliziimba hivyo miaka kadhaa, wakilima tumbaku na kuzika watoto. Ndipo kijana mmoja mkavu wa macho, Leonsi huyohuyo, akaingiza ngoma ya pipa la mafuta lililowambwa ngozi. Wazee wakasema ngoma ni ya pombe. Akawashinda. Akaingiza kayamba, akawashinda tena. Alipoingiza gita, mzee mmoja alitoka ibadani akilia, na Leonsi akamtungia wimbo wa kumcheka, ukaimbwa mpaka mzee huyo akahamia kijiji kingine. Halafu zikaja sauti nne, kila sauti na maneno yake, na nyimbo zikaacha kusimulia Yordani ambayo hakuna aliyeiona, zikasimulia mbung'o, mgao wa unga, mvua iliyokataa, na mto waliouvuka wakiwa wamebeba mama zao mgongoni. Watu wa vijiji vingine walitembea nusu siku kuja kusikia. Walikaa chini vumbini na kulia, kisha wakarudi kwao wakiwa wamebeba kitu. Leo mtu anatoka kanisani amebeba mlio wa masikio tu.

Lakini wimbo mzuri huibiwa. Kwaya za vijiji vya jirani zilituma watoto wapande miti wakati wa mazoezi, na Jumapili unasikia wimbo wako unaimbwa na mtu mwingine, tena vibaya. Kwa hiyo Leonsi akaweka sheria. Kila sauti ijifunze mahali pake: ya kwanza kisimani, ya pili kwenye shamba la mihogo, ya tatu nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ya nne nyumbani kwake. Yeye aliwapigia njia ya gita, wakaishika, akaondoka. Mkuu wa kila sauti akatunga juu ya njia hiyo na kuwafundisha watu wake. Hakuna kuimba sauti ya mwenzako. Hakuna hata kuinong'ona. Sauti zilikutana mara moja tu, siku ya kuimba, mbele ya watu, na hapo zilikuwa zinalia kama nyumba inayojijenga yenyewe.

Na aliyevunja sheria alipewa mgongo. Alisimamishwa mbele, kwaya nzima ikageukia ukuta, ikaimba wimbo mmoja mpaka mwisho. Ukimalizika, mtu huyo awe ameshatoka.

Ndipo wakatunga wimbo wa kurudi. Huu ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, na ndio ambao haukuimbwa kamwe. Leonsi alisema, na wote wakakubali, kwamba wimbo wa kurudi ukiimbwa ugenini unageuka kuwa wimbo wa kukaa. Basi kila sauti ikajifunza mahali pake, ikanyamaza, ikangoja. Wataunganisha siku watakapokanyaga Burundi. Mkuu wa sauti ya kwanza alikuwa Joanita, mke wa Leonsi. Alitunga sehemu yake kisimani na wanawake wenzake, na aliporudi nyumbani na ndoo kichwani alifunga mdomo mlangoni. Wakati mwingine, akisonga ugali, alisahau na kuanza kuvuma puani. Leonsi aligonga meza kwa kijiko. Joanita akanyamaza.

Katika sauti ya kwanza alikuwemo msichana aliyeolewa juzijuzi, jina lake Kankindi. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua. Siku ya pili baada ya mazishi Dismasi, wa sauti ya tatu, alikuja kwa Leonsi akamwambia kwamba Kankindi alikuwa akiimba kaburini. Wimbo gani? Wimbo gani mwingine mama anaweza kumwimbia mtoto ambaye hatarudi? Leonsi hakulala juu ya jambo hilo. Jumamosi alimwita Kankindi mbele. Alikuwa bado amenyoa kichwa kwa msiba, na maziwa yalikuwa yakimvuja kwenye blauzi. Kwaya ikageuka. Joanita naye akageuka. Wakaimba wimbo mrefu kuliko yote waliyokuwa nayo, na Leonsi akapiga gita akitazama ukuta, na walipogeuka tena hakukuwa na mtu pale mbele.

Tangu siku hiyo hakuna aliyevunja sheria. Ndiyo maana wimbo ukapotea.

Kwa sababu kurudi hakukuja kama walivyokuwa wameota. Walirudi kwa malori, kila lori na tarehe yake, kila familia na mkoa wake. Huyu alitupwa Nyanza-Lac, yule Bubanza. Wengine walichukua uraia wa Tanzania wakabaki na tumbaku yao. Leonsi na Joanita walifika Gatete, wakakuta shamba la baba yake Leonsi lina mtu mwingine, mwenye nyumba, mwenye watoto, mwenye migomba mikubwa. Walipelekana mahakamani miaka mingi, mwisho wakakatiwa nusu, ile nusu yenye mawe. Na kila mara Joanita aliposema, "Tuimbe basi, tumeshakanyaga," Leonsi alijibu, "Bado. Hawajafika wote."

Mwaka juzi Joanita alilazwa hospitali. Jioni moja alimshika mkono akasema, "Leonsi, nikuimbie? Polepole tu. Hakuna atakayesikia."

Leonsi alitazama vitanda vya jirani. "Ngoja upone," akasema. "Utaimba pamoja na wenzako."

Hakupona. Akazikwa na sauti ya kwanza mdomoni, na Leonsi, aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana, hakujua hata jinsi inavyoanza.

Ulipokaribia mwaka wa jubilei ya kanisa, Leonsi alivaa koti akaenda kwa mchungaji Melkiades. Alikuwa na ombi moja tu: wazee waliobaki waimbe wimbo wa kurudi, mara moja, wote pamoja, kabla hawajaisha. Hakutaka kingine. Angeusikia mzima, ndipo na yeye awe tayari kuondoka.

Mchungaji alikuwa akila samaki. "Wazee gani, mwalimu? Mmebaki wangapi wenye meno?"

"Wanatosha. Sauti nne, watu wanne."

"Watu wanne si kwaya, hiyo ni foleni ya zahanati." Akacheka, akatoa mwiba mdomoni. "Sawa. Nitawaweka katikati, kabla ya chakula. Watu wakichoka na mahubiri, muwachekeshe kidogo. Lakini dakika chache, eh? Na hilo sanduku lako, lipanguse vumbi."

Basi Leonsi akaanza kutafuta. Sauti ya nne ilikuwa yeye. Sauti ya tatu ilikuwa Dismasi, aliyeishi mtaa wa pili, na ambaye alikubali upesi akidhani kuna posho. Sauti ya pili ilipatikana Nyanza-Lac: Dusabe, bibi mnene aliyekuwa karibu kiziwi kabisa. Walimpigia kelele sikioni mpaka majirani wakatoka nje. "Wimbo wa kurudi!" "Nani amerudi?" "Wimbo!" Mwishowe alielewa, akalia, akasema yuko tayari hata kesho.

Ikabaki sauti ya kwanza. Leonsi aliuliza kila mahali. Mmoja alikufa Tanzania, mwingine alikufa Rumonge, wa tatu alienda Kanada akapotea huko kama jiwe ziwani. Dismasi ndiye aliyesema jina ambalo Leonsi alikuwa akilikwepa.

"Iko Kankindi. Anauza ndagala Magara."

"Kankindi alitoka kwenye kwaya."

"Alitoka baada ya kujifunza. Ulichomfundisha mtu huwezi kumnyang'anya, mwalimu. Ungekuwa na uwezo huo ungemnyang'anya."

Wakaenda Magara asubuhi, wakati mitumbwi imeshaegeshwa na taa za uvuvi zimeshazimwa, na ufuko mzima unanuka samaki wanaokauka. Kankindi alikuwa kwenye chanja lake, akigeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa kiganja, kidogokidogo, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga. Alikuwa amekonda na kunyooka. Hakuinua uso.

"Amahoro, Kankindi," Leonsi akasema.

"Amahoro, mwalimu. Mumezeeka."

"Na wewe umenawiri, mama," Dismasi akadakia. "Ndagala iko na faida."

"Faida iko kwa paka." Akaendelea kugeuza. "Mwalimu amekuja kununua ama kuomba?"

"Kuomba."

"Basi akae chini. Anayenunua ndiye anasimama."

Leonsi akakaa mchangani, na magoti yakalia. Akaeleza: jubilei, watu wanne, wimbo wa kurudi. Aliongea muda mrefu kwa Kiswahili chake kizuri cha Mpanda, na kadiri alivyoongea ndivyo alivyozidi kujisikia mdogo, maana mwanamke alikuwa juu na yeye yuko chini, na samaki wote walikuwa wamemkodolea macho.

"Joanita alikufa lini?" Kankindi akauliza.

"Mwaka juzi."

"Alikuimbia?"

"Hakuimba."

"Mulikuwa nyumba moja, kitanda kimoja, miaka yote hiyo, na hukumsikia hata siku moja?"

"Sheria ilikuwa sheria."

Kankindi akainua uso kwa mara ya kwanza. Akamtazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mguu wa chanja, mpaka wanawake wa machanja mengine wakauliza kuna nini. "Muulizeni huyu mutama," akawaambia. "Alikuwa na kisima nyumbani, akafa kiu." Nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, kwa sababu mzee aliyekaa mchangani na koti ni kichekesho tosha.

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nitakuja."

Leonsi alishtuka. "Utakuja kufanya mazoezi lini?"

"Mazoezi gani? Kila sauti mahali pake, mwalimu. Tunakutana siku ya kuimba. Si ndivyo?"

Ilikuwa sheria yake mwenyewe, imerudi ikiwa na mvi.

Walipokuwa barabarani wakingoja gari, Dismasi alinunua mhogo wa kuchoma akaula peke yake. Leonsi alikuwa na jambo linalomwasha. Alitaka kuonja walau kipande cha wimbo kabla ya siku.

"Dismasi. Siku ile kaburini, Kankindi aliimba sehemu gani? Mwanzo, au pale panapopanda?"

"Sehemu gani ya nini?"

"Ya sauti ya kwanza. Si ulimsikia?"

Dismasi akatafuna, akameza. "Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa upande wa pili na sepetu. Niliona midomo inachezacheza."

"Uliniambia anaimba."

"Nilikuambia midomo inachezacheza. Wewe ndiye ulisema anaimba." Akatoa nyuzi za mhogo katikati ya meno mawili aliyobakiwa nayo. "Labda alikuwa anasali. Labda anamwita mutoto jina. Nitajuaje? Wewe ulikuwa unatafuta wa kumpa mgongo, wengine wapate kuogopa. Na mimi nilikuwa natafuta kuanzisha wimbo wa Krismasi. Ukaniachia nianzishe. Umesahau?"

Leonsi hakusahau. Alikumbuka hata kwamba Dismasi alianzisha juu mno.

Palikuwa na muda wa kurudi ufukweni. Kutoka barabarani mpaka kwenye chanja la Kankindi ni mwendo mfupi, hata kwa mzee. Leonsi alisimama akatazama njia ya kushukia, akawaza. Akirudi na kuomba msamaha, jambo litafunguka, na likifunguka nani anajua litatoa harufu gani? Mwanamke ameshakubali. Jeraha lililokauka halikwanguliwi. Funika kombe mwanaharamu apite. Akishapita, wimbo ukishaimbwa, atamwomba msamaha kwa utulivu, hata atamnunulia kitenge. Gari likaja. Akapanda.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje. Waliimba vijana kwanza, wamevaa sare inayong'aa, na spika ilitikisa mabati hata vumbi la miaka likawaangukia wageni rasmi. Ineza aliruka huku na huku na maikrofoni. Leonsi aliketi na gita lake mapajani akiwatazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani shambani kwake.

Kankindi alifika katikati ya mahubiri. Alivaa kitenge kipya cha buluu, kichwani kilemba, na hakunuka samaki hata chembe. Leonsi alitoka kumlaki mlangoni. Wakasimama wawili pale kizingitini, ndani mchungaji akiunguruma, nje watoto wakigombania kivuli.

"Mwalimu," Kankindi akasema kwa sauti ya chini. "Iko kitu munataka kuniambia kabla sijaimba?"

Alimtazama usoni. Alingoja. Hakuwa amekunja uso. Kusema kweli uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyefungua mlango na kusogea pembeni mgeni apite. Leonsi aliuona mlango huo. Aliona pia watu waliojaa, na mchungaji aliyekuwa karibu kumaliza, na miaka yote aliyongoja.

"Ukianza, anza juu," akasema. "Na usiburute."

Kankindi akatikisa kichwa taratibu. "Vema," akasema. "Sitaburuta."

Waliitwa mbele. Mchungaji alisema kwenye maikrofoni kwamba sasa makumbusho yanafungua milango, na watu wakacheka hata kabla hawajaona kitu. Wakacheka zaidi walipoliona gita. Dusabe, asiyesikia, alidhani wanashangilia, akawapungia mkono.

Leonsi akapiga waya wa kwanza. Sauti yake ilikuwa nene na chafu, mlio wa kitu kinachoburutwa chini ya ardhi, na kicheko kikapungua kidogo. Akaingia na sauti ya nne. Dismasi akamfuata, meno mawili yakipiga filimbi. Dusabe akaingia kabla ya wakati, kwa nguvu kama anayeita ng'ombe, na kanisa likalipuka tena kwa kicheko. Ineza alikuwa ameinua simu akirekodi huku ameziba mdomo.

Halafu Kankindi akaimba.

Alianza juu. Hakuburuta. Sauti yake haikuwa ya kizee, au ilikuwa ya kizee kwa namna ya kisu kilichonolewa mpaka kikabaki chembamba. Ilipita juu ya wale watatu, ikatulia, na ghafla makosa ya Dusabe hayakuwa makosa tena. Kicheko kilikufa. Leonsi alihisi nyumba inajijenga, kama zamani, ukuta kwa ukuta. Na maneno yakaja:

*Tutavuka tukirudi, tutaimba tukirudi,*
*na hawa waliolala huku tunawaacha na nani?*
*Mama, funga mzigo. Mama, kaburi halifungwi.*

Leonsi alikuwa ametunga wimbo wa furaha. Sauti ya nne ilisema tutarudi, tutarudi, asante, tutarudi. Juu yake, kumbe, kulikuwa na hiki. Na palikuwa na mahali, kwenye neno *kaburi*, ambapo sauti ya Kankindi ilishuka ikasugua besi yake, ikaikwaruza, kama mtu anayekanyaga kidole chako akikutazama machoni. Ilirudi hapo kila ubeti. Kila ubeti ikamkanyaga.

Je, Joanita ndiye aliyeiweka hapo? Joanita naye alizika wawili kule. Wawili ambao Leonsi hakuwatungia kitu, kwa sababu wakati huo alikuwa na mashindano ya kwaya. Labda kisimani, na ndoo zimejaa, alikuwa amewafundisha wanawake wenzake hili, amekaa nalo miaka yote akisonga ugali na kunyamazishwa kwa kijiko. Au labda Joanita alitunga kitu kingine, kitamu na chepesi, na haya ni ya Kankindi, ya mtoto wake, yaliyotungwa juu ya chanja la ndagala kwa ajili ya siku hii. Njia ya gita aliijua mtu yeyote wa kwaya. Juu yake unaweza kujenga ukuta wowote.

Wimbo ukaisha. Wanawake wa nyuma wakaanza kulia, wale waliorudi kwa malori, na kilio kikaenda mbele benchi kwa benchi. Mchungaji Melkiades alipangusa uso na taulo. Ineza alikuwa ameshusha mkono uliokuwa mdomoni. Lilikuwa jambo kubwa kuliko lolote lililotokea katika kanisa hilo, na Leonsi, aliyelitaka maisha yake yote, hakupata hata punje, kwa sababu alikuwa akimtafuta Kankindi kwa macho, na Kankindi alikuwa ameshatoka.

Alimkuta barabarani anafungua mlango wa gari la Magara. Alikuwa amekimbia, na gita lilikuwa bado shingoni likimpiga magoti.

"Kankindi! Ndiyo yenyewe?"

"Yenyewe nini, mwalimu?"

"Sauti ya kwanza. Ndivyo alivyoitunga Joanita? Yale maneno, pale kwenye kaburi, ni ya kwake au ni ya kwako?"

Kankindi akaingia, akaketi, akapanga kitenge chake magotini. Wala hakuonekana mwenye hasira.

"Munaniuliza mimi? Mwalimu si ni nyinyi? Nyinyi ndio mulikuwa munajua nani ameimba na nani hakuimba, hata bila kusikia. Basi mujue na hii."

Dereva aliuliza kama mzee naye anapanda. "Hapana," Kankindi akasema. "Huyu amefika." Kisha akageuka akatazama upande wa ziwa, akampa mgongo, na gari likaondoka.

Siku chache baadaye Ineza alikuja kwenye mashine ya mawese, safari hii kwa adabu, akimwita mwalimu. Alikuwa na simu mkononi. "Nimeusafisha wimbo wenu, musikilize. Nimeweka biti kidogo, watu wapate kucheza." Ulikuwa wimbo wa kurudi, na ngoma isiyo na mbuzi, na kinanda. Kankindi alikuwepo, Dusabe alikuwepo kwa mbali. Leonsi akasikiliza mpaka mwisho.

"Na sauti ya nne?"

Ineza akakuna shingo. "Ile besi, mwalimu, ilikuwa inagombana na mama pale kwenye kaburi. Inaumiza sikio. Nimeitoa. Kinanda kinatosha."

Sasa wimbo uko kila mahali kuanzia Nyanza-Lac hadi Magara. Waendesha pikipiki wanaupiga, wauza samaki wa mukeke wanaupiga, kwenye harusi wanaucheza. Wanausifu kwamba ni wa zamani. Leonsi anausikia akizungusha mashine, na kila ukifika kwenye *kaburi* anasimamisha mkono bila kutaka, akingoja kukwaruzwa, na hakwaruzwi, kwa kuwa hayumo.

Mara kadhaa amemtuma Dismasi Magara na swali lilelile. Kankindi humkaribisha, humpa chai, huuliza hali ya mwalimu. Swali halijibu. Humfungia tu ndagala kwenye jani la mgomba na kusema, "Mupelekee, amahoro." Leonsi hulifungua jani jioni, kwenye chungu cha Joanita, akisonga ugali mwenyewe. Hujaribu kuvuma puani sauti ile, kwanza kama alivyoimba Kankindi, kisha namna nyingine, tamu zaidi, kisha nyingine tena. Zote zinakaa juu ya njia ya gita. Anagonga chungu kwa kijiko, ananyamaza, anakula. Ndagala wenyewe ni wazuri, wamekaushwa vema, hawana hata chembe ya mchanga.